Bila Vanishi

Mtaani walimwita Mama Jeshi, na aliyelianzisha jina hilo hakulitunga kwa wema. "Jeshi zima analo," walisema, "mtoto wa kumtuma chumvi hana." Yeye akiitwa aliitika. Jina la kejeli ukilikataa, watu hulipenda zaidi.

Kazi yake ilikuwa kupaka rangi askari wa bati, kila mmoja urefu wa kidole gumba, wa ule mchezo wa vita wanaoucheza watu wazima. Hupanga majeshi juu ya meza, hupima mwendo kwa futi, hurusha dadu kujua nani amekufa. Miaka mingi alimpakia rangi mwenye duka moja la michezo. Duka lilipofungwa, mwenyewe hakuwa na cha kumpa mkononi ila masanduku ya askari watupu, wa kijivu, ambao hata kalibu zao zilikwisha kuvunjika.

"Chukua, dada," alimwambia. "Hawa hawatengenezwi tena popote."

Aliwachukua kama mtu anavyochukua watoto wa marehemu, akahamia nao kwa mdogo wake wa kiume. Akapewa chumba cha mbele, chenye dirisha linaloingiza mwanga wa asubuhi bila jua kali. Kwa mpaka rangi, chumba cha namna hiyo ni nusu ya jicho.

Tatizo ni kwamba mke wa mdogo wake alikuwa fundi cherehani, alishonea kwenye ujia, na chumba kile alikitamani kabla wifi yake hajafika na masanduku. Akufukuzaye hakwambii toka. Wifi aliingia tu mara kwa mara, futi ikining'inia shingoni, akapima ukuta, akapima dirisha, akatoka.

"Unapima nini, wifi?"

"Napima tu. Kupima ni bure."

Mwishowe mdogo wake alikata shauri. "Dada, ukipata mteja mmoja wa kudumu, chumba ni chako, na hakuna atakayekigusa. Ukikosa, tutakutafutia pembe nyingine. Mimi nimechoka kula na maneno."

Mteja akapatikana. Alikuja mwenyewe, mtu wa makamo, kucha safi, sauti ya chini. Ukutani Mama Jeshi alikuwa ametundika ubao wa mifano: askari yule yule, lakini kila mmoja amemaliziwa kivyake. Huyu vanishi ya kung'aa, huyu vanishi kavu, huyu vumbi la safari, huyu tope mpaka magotini, huyu jeraha bichi begani. Vitako vya kusimamia navyo: majani, mchanga, theluji. Mteja huonyesha kwa kidole, naye hufanya.

Huyu hakuonyesha kitu. Aliuliza, "Unauza watupu?"

"Mimi siuzi mtu uchi."

Yule bwana akacheka kidogo. "Sawa, Mama. Wavishe basi. Ila usiwapake vanishi."

"Bila vanishi rangi itachubuka."

"Najua. Ndivyo ninavyowataka."

Maneno hayo yalimkaa moyoni Mama Jeshi wiki nzima. Vanishi hulinda rangi, kweli, lakini huizimisha pia. Nyekundu ya kola hupoa, shavu hupoteza damu. Mtu anayeomba kazi bila vanishi ni mtu anayeiona rangi yenyewe, akakubali iishi kidogo mradi iishi. Akampa jina: Mjuzi. Jioni akalisimulia mezani.

"Mjuzi, au hataki kulipia vanishi?" wifi aliuliza.

"Bei ni ile ile, ipakwe isipakwe."

"Basi ni mjinga. Mshike huyo, asikuponyoke."

Mjuzi hakuponyoka. Alirudi, akarudi tena, na mara nyingine alimtuma mtu wa pikipiki. Kwa ajili yake Mama Jeshi alipaka kuliko alivyowahi kupaka. Tabaka nyembamba juu ya tabaka nyembamba, macho kwa brashi ya unywele mmoja: nyeusi kwanza, kisha nyeupe, kisha nukta ya mwanga. Na kila askari alimpa kitu ambacho hakuna aliyemwagiza. Mmoja alimtia chunusi kidevuni. Mmoja alimvimbisha shavu, kama aliyelala na jino bovu. Mmoja alimkunja pua, yu karibu kupiga chafya na kamanda wake anatazama. Aliwaonea huruma, watu wadogo kiasi kile, kupelekwa vitani na mafua.

Mjuzi akija kuchukua hakuwatazama nyuso. Alimgeuza kila askari miguu juu, akaangalia alama ya kiwanda chini ya kitako, akamlaza ndani ya pamba. Mama Jeshi aliona hiyo ni adabu: mtu mwungwana hakagui kazi mbele ya fundi. Naye wifi akipita na futi yake, alimwambia kwa upole wa mwenye nyumba, "Leo huwezi kupima, wifi. Kuna rangi mbichi."

Kisha kikapelekwa kikosi cha wapanda farasi. Pikipiki ilikwisha kuondoka, Mama Jeshi anaosha brashi, ndipo alipomwona akilini mpiga tarumbeta. Jicho la kushoto hakulitia nukta. Amempeleka kwa Mjuzi, mtu pekee duniani atakayeliona, hali jicho limekufa.

Asubuhi alifunga brashi na kichupa cha rangi nyeupe kwenye leso, akavaa nguo yake nzuri.

"Unaolewa, wifi?"

"Nakwenda kwa Mjuzi. Kuna jicho sijalimaliza."

Wifi aliondoa mguu kwenye cherehani. "Jicho. La mtu wa bati."

"La mpiga tarumbeta."

"Ngoja nivae viatu. Hili silikosi."

Kwa Mjuzi alifungua mkewe, akawatazama juu mpaka chini. "Yuko uani, anaosha," akasema, akawaonyesha njia ya kuzunguka nyumba.

Harufu ya thina, ile ya kuyeyushia rangi, iliwapokea kabla ya mtu. Mjuzi alikuwa amekaa kwenye kigoda, glavu mikononi, beseni katikati ya miguu, mswaki mkononi. Juu ya magazeti walikuwa wamelala wapanda farasi, wa kijivu, safi, kama walivyotoka kwenye kalibu. Na ndani ya beseni kola nyekundu, mashavu, vumbi, chunusi, vyote vilikuwa vimekuwa tope moja lisilo na jina.

Hakushtuka. "Karibu, Mama. Kuna tatizo?"

Mama Jeshi alitazama beseni. "Unafanya nini?"

"Nawasafisha. Wanunuzi wangu wako mbali, na kila mmoja anataka kumpaka wake mwenyewe. Mtu aliyekwisha kupakwa hawamtaki." Alisugua, akasuuza, akatazama. "Nilikuomba watupu siku ile ya kwanza. Ulikataa."

"Na vanishi?"

"Vanishi ni tabu. Inakula siku nzima kutoka."

"Ungeniambia."

"Ulikuwa unafurahi, Mama."

"Alikuwa anafurahi kweli," wifi alisema kutoka nyuma. "Hata mezani."

Mama Jeshi alifungua leso, kisha kama mtu aliyesahau alichojia, akasema, "Nilimletea nukta mpiga tarumbeta. Jicho la kushoto."

Mjuzi alimgeuza yule aliyekuwa mkononi. Alikuwa ndiye. Upande wa kushoto wa uso hapakuwa na jicho, wala shavu. "Hili?" akauliza, bila dhihaka, akauchovya mswaki tena. "Ila kwa kuwa sasa umejua, turahisishe mambo. Niletee watupu. Bei ile ile."

"Ile ile?"

"Rangi sikuwahi kuihesabu."

Njiani wifi hakucheka. Alikihifadhi kicheko mpaka mezani, na huko alikitoa chote: jinsi alivyofungua leso, jinsi alivyosema "nukta," jinsi mke wa Mjuzi alivyoitazama ile nguo. "Kilemba cha ukoka," alisema, "na wifi yangu amekivaa mpaka kikakauka kichwani." Mdogo wake alicheka mpaka akapaliwa. Alipokwisha kufuta macho, akauliza, "Kwa hiyo bei haipungui?"

"Mimi siuzi mtu uchi," Mama Jeshi alisema.

"Basi mteja huna, dada. Na tulikubaliana."

Mama Jeshi alisukuma sahani mbele. Kisha, polepole, kama anayemeza kidonge kikavu, akasema, "Haya. Nitawauza watupu."

Wifi aliweka kijiko chini. "Na akiuza watupu, chumba cha kupakia rangi ni cha nini? Masanduku yanaingia chini ya ngazi. Nimekwisha kupima."

Mdogo wake alitazama sahani yake. "Hilo nalo neno," akasema.

Mama Jeshi alijaribu kwingine. Alikwenda kwenye ukumbi wa wachezaji na ubao wake wa mifano. Vijana waliupokea kwa mikono miwili, wakaupitisha meza hadi meza, wakamrudishia. Siku hizi wanatumia askari wa plastiki, waliokwisha kupakwa kiwandani. Mmoja alimwambia, "Hii ingependeza ukutani kwa bibi yangu," na alikusudia kumsifu.

Masanduku yakaenda kwa Mjuzi. Siku ya mwisho Mjuzi alisimama kwenye chumba cha mbele, ambamo meza ya kukatia nguo ilikwisha kuingia, akaonyesha rafu. Palikuwa na wachache waliobaki, pamoja na wale wa ubaoni, wa tangu zamani za dukani. Aliwageuza miguu juu, mmoja mmoja.

"Na hawa?"

"Hao ni wangu."

"Wanauzwa," alisema mdogo wake mlangoni. "Dada, utawaweka wapi?"

"Hawa wana vanishi," Mjuzi alisema. "Mimi sina muda nao. Mama awasafishe mwenyewe, nitawapitia."

Hivyo Mama Jeshi alikaa uani na beseni na mswaki. Kutoka dirisha la mbele cherehani ilikimbia, ikasimama, ikakimbia. Vanishi yake ilikuwa nzuri, ilishika. Alisugua, akaloweka, akasugua tena. Jeraha lilitoka kabla ya bega. Theluji ilitoka yote mara moja. Mmoja wa zamani, mwenye pua iliyokunjwa kama yule wa chafya, alimweka mwisho, akamsugua huku amefumba macho, na alipoyafumbua hakuweza tena kumjua yupi alikuwa yeye.

Mjuzi alikuja, akawapanga juu ya ukuta mfupi, akawaangalia kwenye mwanga. Safari hii aliwatazama nyuso, kila uso, kwa makini, kama Mama Jeshi alivyokuwa akidhani anafanya siku zote zile. Akamtoa mmoja, akamrudishia.

"Huyu bado, Mama. Hapa kwenye jicho kuna nukta nyeupe."

Mama Jeshi alimwita wifi wake dirishani, akaomba sindano. Wifi akamchagulia nyembamba.