Moto Niliouona kwenye Simu ya Wifi

Nitukaneni kwanza, nimestahili. Mimi ndiye niliyeivunja nyumba ya mdogo wangu, na leo tangu asubuhi nimeshika simu, siwezi kula, siwezi hata kukaa chini. Acheni niseme.

Tunaishi mtaa wa Kapata, kwenye nyumba ambayo kampuni ya migodi ilimwachia marehemu baba. Mdogo wangu ni mchimbaji kule kwenye machimbo ya Mutoshi. Alioa msichana wa Sandoa, mpole, mcheshi, na simu haimtoki mkononi. Hiyo simu ndiyo iliyoanza kunichafua roho.

Siku moja umeme ulirudi, akaiacha sebuleni inachaji. Nikachungulia. Ubaya wangu huo! Ilikuwa ile programu ya kutumiana picha, zile zinazopotea ukishaziangalia. Juu kabisa jina la mwanamume, na pembeni yake alama mbili ndogo, moyo wa njano na moto. Moyo! Na moto! Kesho yake nikachungulia tena, moto bado upo. Nikajiambia, picha gani hizo zinazofichwa zisionekane mara ya pili?

Ningemuuliza tu. Mdomo wangu ulikuwa wapi? Badala yake nilipanda pikipiki mpaka Mutoshi, nikamwambia mdogo wangu pale pale kwenye mdomo wa shimo, wenzake wote wakisikia.

Wachimbaji wetu wana mwiko. Mwanamume ambaye mke wake anatembea nje haingii shimoni, eti udongo utawaangukia wote. Nimekulia humu, nilijua! Lakini hasira ilikuwa imenipanda. Kiongozi wa timu yao, mzee aliyemfundisha kazi, aliweka nyundo chini.

"Mutoto yangu, mi sikuchukie," alisema. "Lakini bantu hapa beko na bibi na batoto. Na weye hatutashuka tena."

Jioni ile mdogo wangu alitupa nguo za mkewe uani. Msichana hakupiga kelele. Alinigeukia mimi, dada mkubwa, yaya kama wanavyoniita.

"Yaya, ule moto haina mi niliutia! Njo telefone yenyewe inautia, kama munatumiana bafoto kila siku. Na ule moyo unakuya kama munatumiana sana kupita na bengine. Ule ni mudogo yangu, anasoma Lubumbashi. Tangu maman alikufa, njo vile tunaangaliana."

"Uongo!" mdogo wangu alisema. Msichana akabeba mfuko wake, akaenda kwao.

Kesho yake nilimuuliza binti anayeuza vocha pale barabarani. Akafungua simu yake, akanionyesha moyo ule ule, moto ule ule, pembeni ya jina la mama yake mzazi.

Sasa sikilizeni dhambi yangu yenyewe. Nilinyamaza! Niliona haya. Wiki zikapita namwona mdogo wangu akila peke yake, na mimi nampakulia bukari, ugali wetu, kama mtu mwema.

Nilipomwambia mwishowe, hakunipiga. Afadhali angenipiga. Alipiga simu Sandoa, hakupokelewa. Alirudi kwa mzee wake, timu ikakataa, kwa kuwa neno lilikuwa limeshasemwa pale shimoni. Basi akaenda kuchimba na watu tusiowajua, kwenye shimo la zamani ambalo wengine waliliacha kwa sababu ya maji.

Nilimwomba jambo moja tu. Anitumie picha kila asubuhi kabla hajashuka, na nyingine akishapanda.

"Yaya, unataka tu roho yako itulie," alisema, lakini alikubali.

Kwa programu ile ile, yeye alituma picha ya buti zake, mimi nikamtumia ya sufuria yangu jikoni. Siku zilipofuatana, moto ukatokea pembeni ya jina lake. Mimi niliyeulaani ule moto nikawa nauangalia kabla hata ya kusali!

Jana asubuhi alituma buti. Picha ya kupanda sijaiona. Mvua imenyesha usiku kucha. Na leo nilipoamka, pembeni ya ule moto imetokea saa ya mchanga. Safari hii sina haja ya kuelezwa. Maana yake muda unakwisha, na picha isipokuja moto utazimika.

Labda vocha imemwishia. Labda simu imelowa. Nimepiga na kupiga, haiiti. Mwendesha pikipiki wa kwanza amekataa kunipeleka, anasema barabara ni matope matupu. Namngoja mwingine, ndiyo maana naandika.

Dada zangu, mkiona alama msiyoielewa kwenye simu ya mtu, muulizeni mwenyewe. Muulizeni nyumbani, kwa sauti ndogo. Na mkishajua mmekosea, semeni siku hiyo hiyo, msifanye kama mimi!

Na wewe unayesoma haya ukiwa upande wa Mutoshi, ukimwona kijana mwenye buti nyekundu, ya kushoto imefungwa kwa waya, mwambie yaya yake hataki maneno. Anataka picha moja. Hata ya udongo.