Niliandika Kwamba Anasoma

Nilikuwa na miaka arobaini na mbili niliporudi kuwa mwanafunzi. Nilisomea shahada ya uzamili ya ufundishaji wa kusoma na maktaba za shule: masomo ya darasani Dar es Salaam wakati wa likizo, mazoezi katika shule yangu mwenyewe, upande wa Mlingotini, nilikofundisha darasa la pili miaka mingi. Walimu wenzangu walinitania kwamba nakwenda kusomea kupanga vitabu kwenye rafu. Niliwaacha waseme. Nikishaamua jambo huwa sisikii, na mama yangu husema hilo nimelirithi kwa baba, wala hasemi kwa kunisifu.

Nilitakiwa kuigeuza stoo ya shule iwe maktaba, nichague watoto kumi wa darasa la tatu wasiojua kusoma, niwafundishe muhula mzima, kisha niwapime na kuandika ripoti. Mtoto akifaulu, angeondoka kwenye kikundi na kurudi darasani na wenzake. Majembe niliyatoa stoo mwenyewe. Vitabu vya hadithi, vilivyokuwa vimefungiwa kabatini ili visichakae, nilivitandaza mezani vichakae.

Kati ya wale kumi alikuwamo binti mmoja, mama yake analima mwani. Mpole, sauti nzuri, shikamoo yake hukufikia kabla hujamwona. Siku ya kuwapima, watoto walikaa kwenye benchi la mlangoni, wakaja mezani kwangu mmoja mmoja. Kifungu cha kusoma kilikuwa kimoja kwa wote. Yeye aliomba awe wa mwisho, nami nikadhani ni adabu. Alikaa ng'ambo ya meza, tukatazamana, akaweka kidole kwenye mstari na kusoma kifungu chote bila kukwama, hata vituo akavipa haki yake. Nikaandika: anasoma vizuri. Nilifurahi nikajiona mwalimu wa maana. Ripoti ikaenda kwa msimamizi wangu, naye akaipokea.

Ikabaki picha moja ya kuambatanisha, mikono na kitabu tu, sura isionekane. Nikamwita yule binti asome tena kile kifungu, nikasimama nyuma yake na simu. Ndipo nilipoona. Sauti ilikwenda sawasawa, lakini kidole kilikuwa kimeanzia kulia, mwisho wa mstari, kikirudi kushoto, kama tunavyosoma juzuu madrasa. Siku ile nilikuwa nimekaa kumkabili, kulia kwake kukawa kushoto kwangu, na kidole kilichokwenda kinyume nikakiona kinakwenda vizuri. Kifungu chenyewe alikuwa amekwishakisikia mara tisa akiwa kwenye benchi.

Nikamfungulia kitabu kingine. Aliutazama ukurasa, akaulainisha kwa kiganja.

"Hiki sijakisikia, mwalimu," akasema.

Nilipandwa na hasira, na kwanza niliielekeza madrasa. Nikasema moyoni, ndiko wanakowazoesha kukariri. Alasiri hiyohiyo nikaenda kwa ustadhi wake, kijana ambaye asubuhi ni seremala.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Ustadhi, watoto hawa mnawakaririsha tu, halafu sisi ndio tunaopata taabu."

Hakubishana. Alimwita yule binti, akafungua juzuu mahali ambapo alikuwa hajafika, akaziba mstari kwa karatasi na kuacha herufi moja. Binti akaitaja. Akaachiwa ya pili, ya tatu, akaziunga, neno likatoka.

"Kwangu hapiti mtu herufi asiyoijua," ustadhi akasema. "Akikosa leo, kesho tunaanzia hapohapo."

Niliona haya. Kusoma kwenyewe mtoto alikujua. Ni sisi shuleni tuliomwimbisha, mimi nikiwa mmoja wetu: watoto wamejaa mpaka sakafuni, mwalimu anagonga ubao kwa fimbo, darasa zima linaitikia. Kwa masomo ya namna hiyo sikio lilimtosha, na hakuna aliyemdai zaidi. Sasa karatasi yangu ilikuwa inamrudisha hukohuko, ikiwa imeandikwa kwamba amekwisha kujua.

Nikampigia simu msimamizi.

"Ripoti imeshapokelewa," akasema. "Mtoto mmoja hakuangushii kazi nzima. Ukiiondoa, mahafali ya mwaka huu huyawahi."

"Naiondoa."

Sitajifanya shujaa, niliumia. Mama alikuwa amekwishanunua kitambaa cha gauni la mahafali na kuwaambia majirani wote. Mwalimu mkuu naye aliponisikia alitikisa kichwa.

"Ungetulia tu, mwalimu. Joho ungevaa, na mtoto angejua mbele ya safari."

"Mbele ya safari ndiko wapi?" nikamuuliza. Nikaenda kuwaita watoto wangu.

Niliwapima upya wote kumi, kila mmoja kwa kifungu chake, nikiwa nimekaa ubavuni mwake kwenye mkeka. Watatu wengine walikuwa wamenisomea kwa sikio. Nikawarudisha wote wanne kikundini, nikaanza na herufi moja moja kwa mtindo wa ustadhi, na sikuona aibu kumwambia hivyo msimamizi wangu. Kidole cha yule binti kilinyooka ndani ya wiki moja. Kilichobaki kilikuwa kazi ngumu. Alikuwa na mazoea ya kunitazama mdomoni apate neno, nikawa najiziba kwa daftari. Siku nyingine alinuna, siku nyingine nilinuna mimi, na kesho yake tukaanzia hapohapo.

Siku ya mahafali wenzangu walinitumia picha tangu asubuhi. Nikaizima simu. Binti alikuwa amechagua mwenyewe kitabu ambacho hakuna aliyewahi kukisoma mle maktabani, mimi nikiwemo. Alianza kwa sauti. Alisoma polepole, akakosea, akarudi, akaunga silabi, akakosea tena. Kwenye daftari nikaandika hivyohivyo: anasoma polepole, anakosea.

Tukafika ukurasa usiokuwa na picha. Akanyamaza. Kidole kikasimama, kikasogea kidogo, kikasimama tena. Nilidhani amekwama, nikanyoosha mkono ili nimwonyeshe mahali pa kuanzia.

Akacheka. Alicheka peke yake, macho yakiwa kwenye mstari, akilichekea jambo la mle kitabuni ambalo mimi nilikuwa sijalifikia.

Nikaurudisha mkono wangu.