Picha Isiyo na Nukta

Wiki ile kaka alinipigia simu kutoka Muheza akitaka neno moja tu: shamba la mama tuuze au tusiuze. Mimi, mtu mzima wa Landani, mwenye chumba kimoja na dirisha linalotazama mapipa ya taka, nikamwambia ardhi ni ardhi tu, nitamjibu Jumamosi.

Jumamosi yenyewe nilikuwa na shughuli nzito. Katika ukumbi wa kanisa hapo Lewisham, sisi tunaotunza wazee tulikuwa tukifundishwa kuchora kwa nukta kama Waaborijini, wenyeji asilia wa jangwa la Australia, eti tupunguze mawazo. Kupunguziwa zamu kungetufaa zaidi, lakini nani alituuliza? Mwalimu wetu, mama wa Kiingereza, alikaa jangwani majuma mawili akarudi bingwa. "Nukta, wapendwa, nukta!" Tukadonoa karatasi kama kuku.

Mimi nukta zilinishinda. Nikachora shamba: kisima, mfenesi, na kaburi la mama, ambalo nimeliona kwenye picha ya simu tu. Mwalimu akanihurumia. "Nzuri," akasema, "ila si ya asili."

Kisha akatuunganisha kwa video na wachoraji wenyewe. Bibi mmoja alikuwa ameketi chini, juu ya turubai analolichora, mbwa ubavuni, wanawake wenzake wamemzunguka na brashi zao. Mwalimu akainua picha yake, nyoka wa nukta za kila rangi.

"Hadithi hiyo nani wa kwenu alikupa?" bibi akauliza. "Huku kila picha ni hadithi ya mahali, na mtu huchora kwao tu."

Mwalimu akasema ilimjia yenyewe. Bibi akamkuna mbwa. Halafu akaiona karatasi yangu.

"Na hapo ni wapi?"

"Kwa mama yangu. Marehemu."

"Nani anapatunza sasa?"

"Hakuna, bibi. Tunauza."

Akageuka, akawaambia wenzake kwa lugha yao. Brashi zote zikasimama. Wakanitazama kama wamekuja matangani, na mmoja akasema, "Pole, dada yangu."

Mama alipofariki, kazini nilipewa kadi yenye maua na zamu ya usiku. Sasa nikalia, mbele za watu na biskuti zao, na sikuona haya.

Jioni kaka akapiga. "Haya dada, tuuze?"

"Usiuze," nikamwambia. "Mimi mama sijamzika bado."