Soksi ya Mkono wa Kulia

Mwaka 1976, nikiwa na miaka ishirini na miwili, mkanda wa mashine ya kusaga ulinila mkono wa kulia. Ilikuwa hapa Karatu mjini, kwa tajiri mmoja mwenye duka. Shule niliishia darasa la pili, lakini mashine ile niliijua kwa mlio wake, na watu walijua kwamba naijua. Siku hiyo mkanda ulichomoka. Vidole viwili vilikwenda. Vitatu vilivyobaki vilijikunja kama mguu wa kuku aliyechinjwa.

Kidonda kilipopona nikauvalisha mkono soksi nyeusi. Nililala nayo. Sikuuita mkono, niliuita hiki kitu. Watu wakinisalimia nilitoa wa kushoto, na kwetu kumpa mtu mzima mkono wa kushoto ni kumtukana. Nikaanza kukwepa watu. Kanisani nilisimama nje. Na nilikuwa na mchumba kule Ganako. Baba yake alishasema huyo kijana aje nimwone. Sikwenda. Ningempa nini, soksi?

Mama yangu ndiye aliyenipeleka hospitali ya misheni, kwa nesi wa mazoezi ya viungo, mama mnene, Mwiraqw mwenzetu.

"Vua," akasema.

"Hiki kitu kinanuka, mama."

"Kitu gani? Huo ni mkono, na una mwenyewe. Vua."

Akauosha kwa maji ya uvuguvugu, akaupaka mafuta, kisha akanipa chupa. "Sasa wewe." Nikaupaka huku natazama dirishani.

"Ng'ombe wako akivunjika mguu, unamtazama yeye au unatazama dirisha?"

Nikautazama. Ulikuwa na joto, sawa na mwenzake. Hilo lilinishangaza. Mimi nilishauzika kama maiti.

Halafu akaniwekea sinia la maharage, nitoe mawe kwa vidole vile vitatu. Mimi, mwanaume, nichambue maharage mbele za watu! Mzee mmoja aliyekuwa akijifunza kutembea kwa magongo akapaza sauti: "Bi harusi, chambua vizuri, mumeo asije akavunjika meno!" Chumba kizima kikacheka. Nikasukuma sinia, maharage yakamwagika sakafuni.

Nesi hakucheka wala hakunigombeza. "Okota. Kwa mkono huohuo."

Nikaokota. Nikarudi wiki iliyofuata, na msimu mzima, kwa miguu kutoka kijijini kwetu Qurus. Vidole vikafunguka kidogo kidogo; kunyooka kabisa havijanyooka mpaka leo. Lakini jioni moja nilijikuta naupaka mafuta bila kuambiwa, tena nauongelesha polepole, kama mtu anavyomwongelesha ndama mgonjwa. Hapo nikajua tumepatana.

Nikaenda Ganako. Nilipofika uani nikavua soksi, nikaitia mfukoni. Mzee, baba wa mchumba wangu, akatoka. Nikampa mkono wa kulia. Akaushika, akaugeuza huku na huku kama mtu anayenunua jembe mnadani, kisha akaubana kwa nguvu. Nami nikabana wake.

"Mbaya huu," akasema.

"Mbaya, baba. Lakini unashika."

"Haya, ingia ndani."

Leo nina binti yake huyo, watoto saba na wajukuu. Nina shamba Qurus, ng'ombe wa maziwa, nyumba ya matofali iliyoezekwa bati, na mashine yangu mwenyewe ya kusaga, mkanda wake nimeuwekea kifuniko cha chuma. Soksi ninazo pia, za baridi. Navaa miguuni.