Majina Kwenye Beseni

Milembe kwa Kisukuma ni amani, ingawa wageni kutoka Dar wakilisikia jina hilo huuliza kama mwenyewe katoroka ile hospitali ya vichaa yenye jina kama lake kule Dodoma. Yeye hucheka nao, amezoea. Mwaka wa tisa sasa, kila likizo ya Juni, anafunga mgahawa wake pale Somanda, anapanda basi la Dutwa na masufuria yake manne, anakwenda kuwapikia vijana wa kanisa kwenye kambi yao ya wiki moja shuleni huko. Vijana mia na themanini, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumwona amenuna. Basi mwaka huu, siku ya nne ya kambi, walimwona.

Kanisani hawamwiti Milembe. Wanamwita Mama Kulwa, na vijana wengi hawajawahi kujiuliza huyo Kulwa yuko wapi. Kulwa na Doto walikuwa mapacha, uzao wake wa kwanza. Malaria iliwachukua wakiwa na miezi mitano, Kulwa Jumanne, Doto Ijumaa, na aliyewazika ni Mchungaji Josia, enzi hizo mwinjilisti kijana wa baiskeli. Mwaka uliofuata akazaliwa binti, na hapo Msukuma haumizi kichwa kutafuta jina: anayezaliwa nyuma ya mapacha ni Shija. Picha ya wale watoto haipo. Shamba lenye kaburi lao liliuzwa, leo ni pamba tupu. Kilichobaki duniani ni jina la mama na jina la Shija, basi.

Asubuhi ile vijana walikunywa uji, wakamwamkia kwa Kisukuma, mwangaluka mayo, kama kawaida, wakaenda kukaa chini ya turubai. Mwalimu mgeni, Novatus, alikuwa na somo la majina yenye laana. Mtu wa viatu vya kung'aa huyo, sauti nzuri, na kipaza sauti alikishika kama amezaliwa nacho. Milembe alikuwa jikoni, nyuma ya madarasa, akichochea kuni chini ya maharage, na spika ilimletea kila neno. Kijana mmoja, Shida, alisimamishwa akaulizwa shida zake zitaisha lini na jina kama hilo. Watu wakacheka. Milembe akasonya. Huyo Shida anamjua, bibi yake alimpa jina hilo mwaka wa njaa, na kijana mwenyewe analima ekari sita.

Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu alikuja, wenyeji wakaanza kuugua.

Kisha spika ikatoa sauti ya binti yake.

"Shija maana yake nini?" Novatus aliuliza.

"Aliyewafuata mapacha."

"Wako wapi hao mapacha?"

"Walikufa."

Mwalimu akakisogeza kipaza sauti mdomoni. "Umesikia mwenyewe. Jina lako linakutuma kwa wafu. Usipoliacha, utawafuata."

Kuanzia leo, akatangaza, huyu ni Goodness. Vijana wakapiga makofi. Jikoni maharage yakashika chini, jambo ambalo halijatokea kwa miaka tisa, na Milembe hakusikia hata harufu. Alitoka hadi kona ya darasa akachungulia. Mchungaji Josia alikuwa amekaa mbele kabisa, pembeni ya mgeni, anatazama Biblia yake. Hakuinua uso. Hapo ndipo hasira ilipompanda hasa. Yule mgeni hajui lolote, asiyejua maana haambiwi maana. Lakini Josia! Josia aliyelishika jembe la kuchimba kaburi kwa mikono yake!

Kabla ya chakula cha mchana akaja Benedikta, kiongozi wa vijana, na beseni la plastiki limejaa vikaratasi. Alisema kwa adabu kwamba kila mtu ameandika jina lake la zamani, na Mwalimu anaomba yateketezwe pale pale jikoni, chini ya sufuria la ugali, wakati wao wanaimba. Karatasi ya juu kabisa ilikuwa na mwandiko ambao Milembe alikuwa ameukagua kwenye madaftari tangu darasa la kwanza. Shija Malimi.

Milembe alilipokea beseni. Akaliweka juu ya kigoda, akalifunika kwa mfuniko wa sufuria. Halafu akachomoa kuni moja moja kutoka kwenye mafiga, zote, akazimwagia mchanga.

"Moto hakuna," akamwambia Benedikta.

Saa saba vijana walikuwa wamepanga foleni na sahani mkononi, na ugali ni maji ya vuguvugu. Novatus akaja, kwanza na tabasamu, akasema mama anaizuia kazi ya Mungu. Akauliza anaitwa nani. Aliposikia Milembe akacheka, akasema hata hilo nalo linahitaji maombi. Milembe alimtazama Josia, aliyekuja nyuma yake.

"Mchungaji, siku ile pale shimoni uliomba ukiwataja. Uliwaita nani?"

Josia akatazama viatu vyake.

"Kulwa na Doto," akasema mwishowe.

"Kwa mdomo wako, mbele za Mungu. Ulikuwa unamtajia laana?"

"Hapana, Mama Kulwa."

"Sasa mbona asubuhi ulikuwa bubu?"

Josia alivua koti, akapiga magoti kwenye majivu, akaanza kupukuta mchanga na kurudisha kuni kwenye mafiga. Novatus alisimama kidogo, kisha akakumbuka ana simu ya kupiga.

Ugali ulipoiva, Milembe alifunua beseni. Alitangaza kwamba kila mtu achukue chakula na karatasi yake, na anayetaka kulichoma jina akalichome nyumbani, mbele ya aliyempa. Shida alikuwa wa kwanza. Wengine walichukua, wengine waliona haya wakapita. Zaidi ya thelathini zilibaki.

Shija alikuja wa mwisho. Milembe alimshikia ile karatasi.

"Na wewe ukaandika."

"Niliogopa, mama. Alisema nitawafuata."

"Ulishawafuata," Milembe akasema. "Siku uliyozaliwa. Walitangulia wao, ukafuata wewe, ukafika. Leta sahani."