Farasi wa Mwezi wa Tisa

Baba mkwe wangu alifika Stockholm mwezi wa Novemba akiwa na sanduku moja, fimbo ya kuchungia na tiketi ya kurudi. Fimbo ilizua maswali uwanja wa ndege. Tiketi ilizua maswali nyumbani. Mume wangu alikuwa amehangaika miaka mitatu kumpatia baba yake kibali cha kukaa nasi. Mzee alivua koti, akaiweka tiketi juu ya kabati la vyombo na kusema, "Mwisho wa mwezi wa tano ninarudi Burundi. Nilikuja kuona kama muko wazima. Muko wazima."

Nitasema ukweli, maana mzee mwenyewe amekwisha kuujua: mwezi ule wa kwanza nilizihesabu siku. Hakuwa mkorofi hata kidogo. Kilichonishinda ni ukimya. Mimi nimezaliwa Muheza, kwetu mgeni hujazwa maneno mpaka aombe maji ya kunywa. Kwa akina mume wangu, mke wa mwana hamtaji baba mkwe kwa jina, hamkazii macho, hali chakula mbele yake, na hasemi naye moja kwa moja ila kwa jambo la lazima. Nilielezwa hayo yote kabla ya harusi nikacheka, nikijua mzee yuko mbali. Sasa mzee alikuwa sebuleni kwangu, ghorofa ya nne, Husby, na mume wangu alikuwa kazini kwenye ghala la Upplands Väsby tangu asubuhi hadi jioni, Jumamosi zikiwemo. Binti yetu wa miaka mitano aliruhusiwa kumwambia babu lolote alitakalo, lakini alimwambia kwa Kiswidi.

Basi tukaishi kwa kupitia vitu. Nilikuwa nikiiambia meza kwamba uji uko tayari, kisha nakwenda zangu jikoni. Yeye aliliambia dirisha asante. Chini ya dirisha hilo kulikuwa na maegesho ya magari na theluji, na mzee alivitazama kutwa nzima. Huyu ni mtu aliyefuga ng'ombe maisha yake yote, anayeweza kusimama ng'ambo ya bonde akakwambia ng'ombe gani ana mimba na ya miezi mingapi. Jioni moja nilimsikia akimwambia mwanawe, "Macho yangu hapa haina kazi." Nilikuwa nasuuza sufuria. Niliacha maji yatiririke ili wasijue nimesikia, lakini neno lile lilinikaa.

Jumamosi alfajiri nilikuwa nasafisha ofisi Kista, na mlinzi wa mapokezi alikuwa akinipa gazeti akishalisoma. Sikulichukua kwa ajili ya habari, nililichukua la kumenyea viazi. Siku moja nilikuwa nimelitandaza mezani, maganda yamejaa, mzee akaingia kuchukua maji. Akasimama. Chini ya maganda kulikuwa na picha ya farasi aliyefungwa kigari cha magurudumu mawili, mtu ameketi nyuma yake amenyoosha miguu.

"Huyu munyama bega yake inamuuma," aliviambia viazi.

Viazi havikujibu, nikajibu mimi. Nilipangusa maganda nikasoma maelezo chini ya picha: farasi huyo alikuwa amepumzishwa wiki sita kwa maumivu ya bega. Sikumtazama, nilisoma tu kwa sauti, kana kwamba najifunza Kiswidi. Lakini nilisikia kiti kikivutwa.

Tangu siku hiyo Jumamosi ilikuwa na kazi. Gazeti lilileta kurasa mbili nzima za mbio za mchana: farasi kumi au kumi na wawili kila mbio, na kila mmoja ameandikiwa mstari wa alama, amekuja wa ngapi mara zilizopita, muda wake, nani anamwendesha. Mimi nilisoma na kutafsiri. Yeye alifumba macho akasikiliza kama anayesomewa barua. Kisha kila mtu alitia alama yake, yeye kwa penseli, mimi kwa kalamu nyekundu, na saa tisa tukawasha televisheni kuona nani ana jicho. Kamari hatukucheza hata siku moja. Baba mkwe ni mzee wa kanisa, angelala na njaa kuliko kuingia kibanda cha kubetia. Sisi tulikuwa tukipima wanyama, basi.

Na tulipima vibaya mno. Katika mistari ile niligundua herufi ndogo, g, iliyobandikwa kwa baadhi ya farasi. Nilichungulia kamusi: maana yake farasi alipiga shoti, alikimbia kwa miguu yote na roho yote. Nikalieleza gazeti, gazeti likamweleza mzee, na sote watatu tukaona mantiki yake. Wengine wanakwenda mchapuko tu, wanadokoa miguu kwa adabu kama waenda kanisani, lakini huyu mwenye g anakimbia kweli. Tukawa tunachagua wenye g. Mwenye g tatu tulimpa nyota.

Ilikuwa ajabu jinsi walivyoonewa. Farasi wetu alikuwa akitoka nyuma, anapiga shoti, anawapita wenzake wote, mimi nimesimama na mwiko mkononi, halafu dereva wake anamvuta pembeni na mbio zinaisha bila yeye.

"Dereva kahongwa," niliiambia televisheni.

"Wanamuonea wivu," mzee aliiambia.

Jumamosi sita mfululizo tulikula dhuluma ile. Mume wangu akirudi alitukuta tumenuna, kila mtu kwenye kona yake, na akadhani tumegombana. Kumbe hatujawahi kupatana namna ile.

Mwishowe nilimuuliza mlinzi wa Kista, mzee wa Kiswidi aliyekulia kwenye shamba la farasi, kwa nini nchi yenye haki namna hii inawadhulumu farasi wenye nguvu. Alitua kikombe cha kahawa, akacheka mpaka akajipiga paja. Akanieleza kwamba mbio hizi zote ni za mchapuko. Farasi akipiga shoti asirudi haraka kwenye mwendo wake, anatolewa. Ile g ni doa. Tulikuwa tumewapa nyota wakosaji wote wa ufalme.

Njiani kurudi nilijiuliza nitasemaje. Kumwambia mwanamume kama yule kwamba amekosea ni jambo moja. Kuambiwa na mke wa mwanawe, tena kuhusu mnyama, ni jambo lingine kabisa. Ningeweza kumsubiri mume wangu, lakini mbio zilikuwa saa tisa. Nikalitandaza gazeti, nikamchagua farasi mwenye g nne, nikamwekea kidole.

"Wewe," nilimwambia. "Kumbe ukikimbia unafukuzwa. Kumbe hapa wanataka mwenye kwenda mchapuko tangu mwanzo hadi mwisho. Umetutia aibu majuma sita."

Niliona mikono ya mzee tu, ikizungusha penseli. Nikaanza kujilaumu, nikifikiri sasa atarudi dirishani na hatatoka tena.

"Mimi nilikimbia nchi yangu mara mbili," alimwambia yule farasi. "Hakuna mutu alinitoa kwenye mustari."

Kisha akacheka. Sikuwahi kumsikia akicheka. Kilikuwa kicheko chembamba, cha puani, cha mtu mdogo kuliko umri wake. Nami nikacheka, nikajisahau nikamtazama usoni, naye hakugeuka.

Baada ya hapo alikuwa hatari. Alianza kutafuta mwendo, yaani ule utulivu wa mgongo, na namna mguu wa nyuma unavyokanyaga pale ulipotoka wa mbele. Kufika Machi alikuwa akinishinda kila Jumamosi. Mimi nilichagua kwa kichwa na shingo, kwa sababu napenda farasi mwenye maringo, na penseli ikaicheka kalamu nyekundu. Na mimi, niliyekuwa nahesabu siku ziishe, sasa nilikuwa nahesabu na kuziona chache. Tiketi ilikuwa pale pale juu ya kabati. Nilipofuta vumbi niliizunguka.

Mwanzoni mwa Mei nilimwambia mume wangu kwamba baba yake hawezi kuondoka bila kuwaona wanyama wale kwa macho. Akasema Jumamosi anafanya kazi. Nikasema najua. Akafikiria mama zake wadogo wangesemaje, kisha akasema, "Kaeni viti tofauti."

Tulikaa viti tofauti kwenye treni, na kwenye basi, binti yetu katikati akila zabibu kavu. Lakini uwanjani watu wamesimama wamebanana kwenye uzio, na haikuwezekana tena. Baba mkwe alikuwa amevaa suti ya kanisani na ameshika fimbo yake. Farasi walipita mbele yetu wakipashwa misuli moto, karibu kiasi cha kusikia pumzi zao, na niliona uso wake unafunguka. Alinusa hewa. Akamnyooshea fimbo farasi mweusi ambaye gazeti zima lilimsifu.

"Huyu atapiga shoti. Angalia vile anaogopa kukanyaga ile ya kushoto, ya nyuma."

Sikuona kitu. Dakika kumi baadaye yule mweusi alipiga shoti kwenye kona ya kwanza, na uwanja mzima ukaguna isipokuwa sisi.

Mbio zilipokwisha, watu walimfuata mshindi kwa macho. Mzee alikuwa akimfuata farasi jike mdogo, wa rangi ya kahawia, aliyemaliza wa saba.

"Unaona vile anapumua?" alisema. "Hajachoka. Haijui bado kama ana nguvu. Huyu si wa leo. Wamupe miezi ine. Mwezi wa tisa, ndiyo utamuona."

Nilishika uzio. Niliyajua maneno niliyotaka kuyasema, lakini hayakuwa jambo la lazima kwa yeyote ila mimi. Yule jike alikuwa anapita polepole mbele yetu, jasho linafuka mgongoni.

"Mwezi wa tisa nitakuja kukutazama peke yangu," nilimwambia. "Nitakutazama vibaya. Mimi sijui kupima miguu."

Binti yetu aliuliza kwa Kiswidi kama kuna aiskrimu, tukaenda kutafuta aiskrimu, na njia nzima ya kurudi Husby tulikaa viti tofauti.

Usiku ule walizungumza sebuleni, baba na mwana, kwa Kirundi chao. Mume wangu alikuja jikoni ameishika ile tiketi.

"Anataka tarehe ibadilishwe. Anasema kuna mnyama anamfuatilia." Alinisogelea. "Umemwambia nini baba?"

"Baba sikumwambia kitu," nilisema. "Nilizungumza na farasi."

Mwezi wa tisa tulikwenda tena, viti vile vile, suti ile ile. Yule jike alianza vizuri, akashika nafasi ya pili, nikaanza kumpungia mkono. Kisha, mbele ya macho yetu, akapiga shoti, dereva akamvuta pembeni, na mbio zikaisha bila yeye. Nilimgeukia baba mkwe, safari hii waziwazi, kuona atasemaje. Alikuwa akimtazama mnyama wake akirudishwa bandani, ametulia kabisa, mikono yote miwili juu ya fimbo.

"Nilikosea kidogo," aliniambia. "Huyu ni wa mwaka kesho."