Paka wangu, kunde za mama, na swali la nani anamjali nani

Wakuu, heshima kwenu nyote, mnaofuga na msiofuga.

Nimesoma uzi wa mwenzetu anayedai kuwa paka wake anamwelewa na kumjali. Niliusoma mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza nilidhani anamzungumzia mkewe.

Basi nami nieleze yaliyonipata nyumbani kwangu Mumbuni, hapa Machakos, mwaka 2001. Nitayaeleza yalivyokuwa, pamoja na sehemu zinazoniaibisha, ambazo ni nyingi kuliko ningependa.

Tulikuwa na paka dume wa kijivu. Jina lake lilikuwa Mwenyekiti, kwa kuwa kiti changu kilikuwa chake, mimi nilikikalia kwa ruhusa.

Mke wangu, Mwende, angekubaliana na mwenzetu. Mwezi wa Mei nilishikwa na malaria, na Mwenyekiti akalala kifuani pangu siku tatu bila kubanduka.

"Unaona?" Mwende akaniambia. "Anakuhurumia. Ndugu zako hata mmoja hajafika, lakini yeye yuko."

Mimi ni mtu wa kupima mambo. Siku ya nne homa ilishuka, na asubuhi hiyo hiyo Mwenyekiti akateremka, akaenda kulala kando ya jiko. Huruma yake ilipungua sawasawa na joto langu. Nilimweleza Mwende ushahidi huo. Akasema nina roho mbaya.

Tuendelee.

Mwezi wa Julai mama yangu alikuja kutoka Wamunyu na mfuko mdogo wa kunde za mbegu. Paa la nyumba yake lilikuwa linabadilishwa, hakuwa na pahali pakavu pa kuziweka.

Kwa asiyejua Ukambani: mvua tunayoitegemea ni ile ya Oktoba hadi Desemba, nayo haitegemeki. Kunde za mama zilikuwa zinaiva hata mvua ikinyesha mara chache tu. Majirani zake wote walikuwa wameziacha, wakafuata mbegu za dukani.

"Muthama," akaniambia, "hizi nilipewa na mama yangu nikiolewa. Hakuna mtu mwingine ako nazo. Ziweke kwa jivu, jivu jingi, nitazichukua kabla ya mvua. Zikipotea hapa kwako, zimeisha."

Jivu huzuia wadudu, hilo kila mtu kwetu analijua. Mama hutumia jivu la mafigani, hulichukua likishapoa tu, kisha hutia mbegu katika kibuyu chenye mdomo mwembamba na kukiziba kwa kinyesi cha ng'ombe.

Lakini mimi nilikuwa nimesoma. Nilikuwa na kijitabu cha kilimo kilichosema kwamba mbegu ni kitu hai na inapumua. Nikaona kibuyu ni ushamba.

Nilichukua karai pana. Na kwa kuwa nilihitaji jivu jingi kwa mara moja, nilikwenda kwenye lundo la nyuma ya jiko, mahali Mwende alipokuwa akimwaga jivu miaka yote. Nililichekecha mara mbili, likawa laini kama unga. Nikapanga: jivu, kunde, jivu, kunde, jivu. Nikaweka karai stoo, wazi kabisa, na mlango nikauacha nusu ili hewa ipite.

Niliridhika mno na kazi yangu. Nilimwita hata jirani aje aone.

Mwezi wa Septemba stoo ilianza kunuka. Nilipoingia, nilimkuta Mwenyekiti amechutama katikati ya karai. Aliniangalia kama mtu aliyefunguliwa mlango akiwa bafuni.

Mwende alikuja, akacheka mpaka akashika ukuta. "Ulisema hana adabu. Tazama alivyofukia! Wewe hata soksi zako hufukii."

"Mwende, hizo ni kunde za mama."

Hapo ndipo alipoacha kucheka.

Nilichukua gunia. Shemeji yangu wa Ndithini alikuwa ameomba paka siku nyingi. Na kwetu, paka anayehamishwa huzungushwa ndani ya gunia ili asikumbuke njia ya kurudi. Nilikuwa nimekusudia kumzungusha vizuri sana.

"Baba Kyalo," Mwende akaniuliza, "hilo jivu ulitoa wapi?"

"Nyuma ya jiko."

"Na huyu paka, miaka hii yote, amekuwa akienda haja wapi?"

Wakuu, nilibaki nimesimama na gunia langu.

Mtu mzima, mwenye kijitabu, alikuwa amechukua choo cha paka, akakichekecha mara mbili, akahifadhi humo mbegu za mama yake. Mwenyekiti alikuwa amefuata choo chake tu. Labda alifurahi kwamba safari hii kimejengewa paa.

Gunia nililirudisha.

Nilichukua kunde kumi za juu na kumi za chini, nikazifunga katika vitambaa viwili vyenye maji. Baada ya siku tano, za juu hazikuota hata moja. Za chini ziliota saba. Nilitupa za juu. Zilizobaki zilijaa vikombe viwili.

Sasa sehemu mbaya zaidi. Nilikwenda sokoni nikapata kunde zinazofanana kabisa na za mama, nikanunua za kuongezea. Mwende aliziona.

"Ukimdanganya, atakayelala njaa ni yeye," akasema. "Wewe utakuwa hapa na kitabu chako."

Mama alipokuja mwezi wa Oktoba nilimwambia yote. Alinusa zile kunde.

"Kwa hivyo paka alijua hilo ni jivu la choo," akasema, "na wewe hukujua?"



Alifunga vikombe vyake viwili ndani ya leso, akaenda zake. Alizipanda zote. Mvua ilikuwa haba, lakini zilizaa, na hakula hata moja.

Mwaka uliofuata alirudi na kibuyu kilichokwisha kuzibwa. Alisema mbegu zikae nyumba mbili, zisipotee tena. Nilinyoosha mikono mlangoni kumpokea. Alinipita, akakiweka mikononi mwa Mwende.

Mpaka leo mbegu za ukoo wangu ziko kwa mke wangu, mtu asiye wa ukoo. Mimi huonyeshwa kwa mbali.

Funzo nililopata ni hili. Mwenyekiti hakuwahi kumjali mtu nyumbani mle, na hakuwahi kudai anajali. Mama yangu ndiye aliyenieleza jambo kwa maneno machache yaliyo wazi, na mimi ndiye ambaye sikujali.

Bado ninauliza, na niko serious. Mwenye kisa ambacho paka alijinyima kitu kwa ajili ya mwenye nyumba, akiweke hapa chini nikisome. Picha ya paka amelala juu yako sitaihesabu.